Dawa ya kusukutua mdomo na koo: maswali tunayoulizwa dirishani kila siku

Nakaa dirishani kwenye duka la dawa, miaka sasa, na sentensi ninayoisikia kuliko zote ni "naomba ile ya kusukutua". Ile ipi? Rafu ina chupa nne tano, zote zimeandikwa za kusukutua, moja ya kijani, moja ya waridi, moja kahawia kama chai ya rangi, na kila moja ina kazi yake. Haya ni maswali yanayorudi rudi, nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale pale kaunta.

Hizi dawa si zote sawa tu, za kuua vijidudu?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotelea. Kwa maumivu ya mdomo na koo utakutana na tatu kubwa.

Ya kwanza ni klorheksidini, mara nyingi asilimia 0.2 au 0.12. Hii inaua bakteria na inang'ang'ania kwenye meno na fizi masaa kadhaa baada ya kutema, ndo maana madaktari wa meno wanaipenda. Fizi zinavuja damu, zimevimba, umetoka kung'olewa jino, huwezi kupiga mswaki upande mmoja, hiyo ndo sehemu yake. Ila haipunguzi maumivu kivile, mtu anakuja kulalamika "dawa yenu haifanyi kazi" kumbe alichokuwa anataka ni kutulizwa.

Ya pili benzidamini, asilimia 0.15. Hii ni jamii ya dawa za maumivu na uvimbe, ukoo mmoja na kina diklofenaki na ibuprofeni, ila inafanya kazi pale inapogusa. Ukisukutua, mdomo unafanya ganzi kidogo, na koo linalouma au kidonda cha mdomoni kinatulia. Kuna chupa zinazochanganya benzidamini na klorheksidini pamoja, hizo zinafanya yote mawili, na hasara zake pia unazibeba zote mbili.

Ya tatu povidoni ayodini, ya kusukutua ni asilimia 1. Ile rangi ya kahawia. Inaua bakteria, virusi na fangasi, lakini ina ayodini ndani yake kwa hiyo kuna watu hatuwapi kabisa, nitawataja chini.

Kwa hiyo nikikuuliza "ni mdomo au koo, kunauma au kunatoa damu, ni ya nani" usinikasirikie, nachagua chupa.

Naitumiaje? Mimi huwa napiga funda moja natema

Funda moja ukatema hapo hapo hujafanya kitu. Dawa inataka muda wa kugusa. Klorheksidini ni mililita 10, dakika moja nzima, asubuhi na jioni. Povidoni ayodini mpaka mililita 10, kama sekunde 30, mpaka mara nne kwa siku. Benzidamini mililita 15, na unaweza kurudia kila baada ya saa moja na nusu mpaka masaa matatu kama maumivu yanarudi. Lebo ya chupa yako ikisema tofauti na mimi, fuata lebo.

Kupima usikisie. Chupa nyingi zina kikombe kidogo au kifuniko chenye mstari, kama hakuna, kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo viwili ni 10 na vitatu ni 15. Mimina kwenye kikombe, usinywe kwa mdomo wa chupa, mate yako yanarudi ndani na kesho unasukutua vijidudu vyako mwenyewe.

Kama ni mdomo, izungushe, isukume kati ya meno, ipeleke pale penye kidonda. Kama ni koo, inua kichwa juu, iache dawa ishuke mpaka nyuma, halafu toa sauti ya "aaaa" ili maji yachezecheze kule kooni bila kushuka. Ukiwa unatoa sauti huwezi kumeza. Ukiishiwa pumzi inama, vuta hewa, rudia, halafu tema yote. Usisuuze na maji hapo hapo, umeitoa dawa. Na usile wala kunywa kama nusu saa hivi.

Kabla ya mswaki au baada?

Kwa klorheksidini hili swali ni la maana sana. Ile sabuni ya kwenye dawa ya meno, inayotoa povu, inaizuia isifanye kazi. Piga mswaki, suuza vizuri sana na maji, subiri nusu saa ndo usukutue. Au tenganisha kabisa, sukutua mchana baada ya chakula. Na haichukui nafasi ya mswaki, hata siku moja.

Inaunguza, niendelee?

Kuwasha kidogo mara ya kwanza ni kawaida hasa kama una kidonda kibichi. Benzidamini ikiwasha sana unaichanganya na maji kiasi sawa, povidoni ayodini nayo unaruhusiwa kuichanganya nusu kwa nusu na maji ya vuguvugu. Lakini ngozi ya ndani ya mdomo ikianza kubanduka, midomo au uso kuvimba, mwili kuwasha, kifua kubana, hiyo sio kuwasha kwa kawaida, ni aleji. Acha, na kama kupumua kunakuwa kugumu usije dukani kwangu, nenda hospitali moja kwa moja. Klorheksidini inaweza kuleta aleji kali, ni nadra lakini ipo. Na mtu ambaye aspirini au diklofenaki zinamdhuru, au ana pumu inayochochewa na dawa hizo, aseme kabla hajapewa benzidamini.

Meno yangu yamekuwa ya kahawia, nimeharibikiwa?

Hujaharibikiwa. Ni klorheksidini, na chai. Kuna dada alikuja ameziba mdomo na kanga, akaishusha kidogo tu nione, meno ya mbele yana michirizi kama ya mtafuna ugoro, na harusi ya mdogo wake ni Jumamosi. Kumuuliza, anasukutua wiki ya tano sasa, na kila akitema anaenda kunywa chai ya rangi. Dawa inashika kwenye meno, rangi ya chai na kahawa inashika kwenye dawa. Ulimi nao unaweza kugeuka rangi, na chakula kinakuwa hakina ladha, chumvi huisikii. Ladha inarudi ukiacha. Ile rangi ya meno haitoki kwa mswaki peke yake, daktari wa meno anaisafisha kwa kifaa chake, na usijaribu kuikwangua kwa mkaa au ndimu, ndimu inakula jino kweli kweli.

Kwa hiyo chai kabla, dawa baadaye, na usipitishe mwezi bila daktari kusema. Povidoni ayodini mwisho wiki mbili. Benzidamini kwa kawaida wiki moja, na kama wiki imeisha na bado kunauma basi tatizo sio la chupa.

Nimemeza bahati mbaya

Funda dogo kwa mtu mzima, kunywa maji, pengine tumbo litachafuka kidogo basi. Usifanye tabia. Kuna watu wanameza makusudi wakisema "ifike mpaka ndani kwenye kifua", haifiki kwenye kifua, inaenda tumboni.

Mtoto akinywa ni habari nyingine. Baadhi ya hizi dawa, hasa zile za harufu nzuri za dukani, zina pombe, nyingine zaidi ya asilimia 20, na bia ya kawaida ni kama asilimia 5, piga hesabu mwenyewe. Mtoto mdogo akilewa sukari yake inashuka, analegea, anasinzia, anaweza kupata degedege. Usimtapishe, usimpe maziwa ukakaa kusubiri, mpeleke hospitali na chupa uibebe mkononi, daktari ataanza na lebo.

Watoto wanaruhusiwa kuanzia umri gani?

Kanuni yangu: kama hajui kutema, hajafika. Mwambie asukutue maji ya kawaida mbele yako, akimeza, hakuna dawa ya kusukutua. Povidoni ayodini ni kuanzia miaka 6. Benzidamini ya kusukutua ni miaka 12 kwenda juu, kwa wadogo ipo ya kupuliza na hiyo nayo kwa maelekezo. Klorheksidini chini ya miaka 12 muulize daktari wa meno kwanza. Kwa mtoto mdogo koo likiuma, parasetamo ya maji kulingana na uzito, vinywaji vya kutosha, uji wa vuguvugu, mara nyingi inatosha.

Wajawazito na wanaonyonyesha? Wenye goita?

Povidoni ayodini hapana, kwa wote hao. Ayodini inapenya kwenye damu kupitia mdomo na inaweza kuvuruga tezi ya shingo, yako au ya mtoto. Anayetumia lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, naye asiiguse, na kama una miadi ya kipimo cha tezi mwambie daktari kama ulikuwa unaitumia. Mjamzito mwenye koo, tunaanza na maji ya chumvi. Ukiwa na mimba sema hata kama haijaonekana, mimi siwezi kuiona kupitia dirishani.

Nyumbani nina ile ya kuoshea vidonda, si ndo hiyo hiyo?

SIYO. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hii imenitokea mbele ya macho yangu. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, alikuja mdomo umebabuka, akanionyesha chupa aliyokuwa anasukutulia, kahawia, jina lile lile la povidoni ayodini. Asilimia 10. Ya mguu wa mkewe mwenye kisukari. Kwa jina alikuwa sahihi, kwa asilimia alikuwa amezidisha mara kumi. Nyingine za aina hiyo zinakuwa na sabuni ndani, zile za kunawia mikono kabla ya upasuaji, hizo ni mbaya zaidi.

Na kwa kuwa tumefika hapa: Dettol hapana, hata tone kwenye glasi ya maji. Spiriti hapana. Jiki hapana, ndio kuna watu wanauliza. Haidrojeni peroksaidi ya vidonda bila kuichanganya hapana, ipo ya mdomoni yenye vipimo vyake, uliza. Soma lebo, itafute ile sehemu inayosema ni ya kusukutua mdomo, usipoiona rudisha rafuni.

Maji ya chumvi yanasaidia au ni mambo ya bibi?

Bibi yuko sahihi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi, glasi moja ya maji ya vuguvugu, koroga mpaka iyeyuke, sukutua, tema. Hayaui vijidudu kama klorheksidini lakini yanapunguza uvimbe na yanasafisha, na koo nyingi zinazouma ni za virusi, zinaondoka zenyewe ndani ya wiki hivi uwe umenunua chupa au hujanunua. Mimi mwenyewe naanzia hapo, ingawa bosi hapendi nikiwaambia wateja. Mwenye presha asimeze tu.

Nimeng'oa jino leo, nianze kusukutua saa ngapi?

Sio leo. Damu iliyoganda kwenye tundu ndo kidonda kinaanza kupona hapo, ukisukutua kwa nguvu siku ya kwanza unaitoa, na tundu likibaki tupu utalia usiku kucha. Subiri masaa 24, halafu taratibu, bila kutema kwa kishindo.

Jino limetoboka, nisukutue na nini?

Sukutua unachotaka, tundu halizibi. Dawa inapita juu, ugonjwa uko ndani kwenye mzizi. Unapata siku mbili za amani halafu shavu linavimba. Nenda kwa daktari wa meno jino likiwa bado la kuzibwa, ukichelewa linakuwa la kung'olewa, au jipu.

Inatibu mafindofindo?

Inatuliza. Kutibu ni swali jingine na hapa naomba unisikilize vizuri hasa kama una mtoto wa shule.

Koo nyingi ni virusi, mafua juu, kikohozi, macho yanatoa machozi. Hizo sukutua, kunywa maji, subiri. Lakini kuna ile ya bakteria, streptokoka, inampata sana mtoto wa miaka 5 hadi 15: homa inapanda ghafla, koo linauma hata kumeza mate shida, hana kikohozi, tezi za shingo zimevimba na zinauma, ukimulika na tochi ya simu unaona mafindo mekundu yana madoa meupe. Hiyo ukiisukutulia, maumivu yanapungua, mtoto anarudi kucheza, mama anafurahi. Wiki mbili tatu baadaye mwili wenyewe unaweza kuanza kupigana na moyo wa mtoto, inaitwa homa ya baridi yabisi, na valvu za moyo zikiharibika hazirudi. Watoto wanaofanyiwa upasuaji wa valvu Afrika Mashariki wengi hadithi yao ilianzia kooni. Na dawa yake ni penisilini, siku kumi za vidonge zote bila kuruka au sindano moja ya benzathini, vitu vya bei ndogo kabisa.

Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati aangaliwe. Usije kuniomba "amoksilini sita tu nimpe", sita hazimtibu na zinawafundisha bakteria kuzoea dawa.

Na kimeo? Mtoto akikohoa sana mtaani wanasema kimeo kimekuwa kirefu kikakatwe. Kimeo kinavimba kwa sababu koo linaumwa, sio kwamba kimeo ndo kinaleta ugonjwa. Watoto wanavuja damu, wanapata pepopunda kwa vile visu. Mwacheni mtoto na kimeo chake.

Nina utando mweupe mdomoni, nisukutue?

Ukiufuta na kitambaa unatoka na chini panabaki pekundu panauma? Hiyo inaelekea ni fangasi, inataka dawa ya fangasi kama nistatini, ya kukaa nayo mdomoni. Ukiitumia pamoja na klorheksidini zinaharibiana, tenganisha angalau nusu saa. Halafu jiulize imetoka wapi. Mtoto mchanga ni kawaida. Anayetumia pampu ya pumu yenye steroidi asuuze mdomo na maji kila akimaliza kuvuta. Mtu mzima ambaye hana sababu yoyote apime sukari na apime VVU, ni vipimo vya dakika chache, na majibu yoyote yale yana dawa.

Kidonda cha mdomoni hakiponi

Vile vidonda vidogo vya duara, vyeupe katikati, vinapona vyenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili, benzidamini inakusaidia kula. Kidonda kilichopita wiki tatu, au uvimbe mgumu, au doa jekundu au jeupe lisilofutika, daktari akione, hata kama hakiumi, hasa kama hakiumi. Wavuta sigara, wanywaji, watafuna tambuu ya tumbaku na ugoro, ninyi msisubiri hata hizo wiki tatu.

Nimefunga, naweza kusukutua?

Kwenye udhu tunasukutua tukiwa na saumu na tunaambiwa tusizidishe, sasa kusukutua koo kwa dawa yenye ladha kali, kichwa juu, uwezekano wa kushuka ni mkubwa. Klorheksidini ni mara mbili kwa siku tu, inaingia vizuri baada ya futari na baada ya daku. Za benzidamini unazisogeza usiku. Kama maumivu ni ya kushindwa kumeza mate wewe ni mgonjwa, ongea na daktari na shekhe wako. Anayekwepa pombe aombe isiyo na pombe, zipo, na hazikaushi mdomo.

Lini niache kusukutua niende hospitali sasa hivi?

Unashindwa kupumua au unapumua kwa sauti ya kukwaruza. Mate yanakutoka kwa sababu huwezi kuyameza. Mdomo haufunguki vizuri na sauti imekuwa kama una kiazi cha moto mdomoni, upande mmoja wa koo umevimba, hilo ni jipu nyuma ya findo. Shingo imevimba chini ya kidevu na ngumu. Hapo hata kama ni saa nane usiku, bodaboda au jirani mwenye gari, nenda.

Inaondoa harufu ya mdomo?

Kwa saa moja mbili. Safisha ulimi, kaangalie meno yaliyooza na fizi.

Nimebakiza nusu chupa, niitunze?

Angalia tarehe ya mwisho, na andika kwa kalamu kwenye lebo siku uliyoifungua. Weka kabatini juu, sio dirishani penye jua, sio kwenye gari. Rangi ikibadilika au kukiwa na vitu vinaelea, mwaga. Usimimine kwenye chupa ya maji au ya soda hata kama kifuniko cha asili kimepotea, kuna mtu atarudi na kiu usiku gizani aichukue. Na jirani akikuomba, muulize kwanza kama ana mimba, ana goita, na ni ya mtoto wa miaka mingapi, au mlete tu dirishani nimuulize mimi.